Wimbo Mmoja, Forodha Mbili: Busia, Tororo na Miaka Mia ya Tamasha la Muziki

Ifikapo mwaka 2027, Tamasha la Muziki la Kenya litakuwa limetimiza miaka mia moja tangu kuanzishwa kwake mwaka 1927. Ni asasi chache mno za kitamaduni katika Afrika Mashariki zinazoweza kujivunia umri kama huo. Tamasha hili ni kongwe kuliko jamhuri yenyewe, ni kongwe kuliko vyuo vikuu vyetu vyote vya Kenya, na limewapitia magavana, marais wote na mitaala yote ya elimu ambayo wasomaji wetu waliisomea au wanaifundisha. Bila shaka kutakuwa na hotuba, keki na vikombe. Katika makala haya tunanuia kulitazama tamasha hilo mapema kidogo, kabla kelele za sherehe hazijaanza, na kulitazama si kutoka Nairobi lilikozaliwa bali kutoka pembeni: kutoka Busia ya Kenya, Busia ya Uganda na Tororo.

Tumechagua pembe hiyo kwa sababu moja. Tamasha ni la kitaifa, nalo huhesabu nyimbo kwa taifa, kwa kaunti na kwa jamii. Mpakani hesabu hiyo hukorogeka. Wimbo wa Iteso unaoimbwa Amukura ndio huohuo unaoimbwa Mukuju, mwendo wa saa chache tu kwa miguu, lakini upande mmoja unaitwa urithi wa Kenya na upande wa pili unaitwa urithi wa Uganda. Tutakaposherehekea miaka mia, tutakuwa tunasherehekea muziki wa nani?

Tuanze na mwaka wenyewe wa 1927, kwa kuwa ulikuwa mwaka wa mambo mengi katika ukanda huu. Tamasha lilianza Nairobi likiwa la Wazungu walowezi, kwa nyimbo zao, vinanda vyao na waamuzi wao. Hakuna aliyefikiria wakati huo kwamba fumbo la Wajopadhola au kinubi cha Iteso kingepanda jukwaa hilo. Mwaka huohuo, ng'ambo ya mpaka, Gavana wa Uganda, Sir William Gowers, aliandika waraka wake maarufu akipendekeza Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya elimu na utawala katika sehemu kubwa ya Uganda. Wanafunzi wetu wa historia ya Kiswahili wanaujua mwisho wa kisa hicho: Kabaka Daudi Chwa alipinga hadharani mwaka 1929, maaskofu wakapinga, na mpango ukafifia. Na katika miaka hiyohiyo reli ilikuwa inasogea. Ilikuwa imefika Eldoret mwaka 1924. Ikapitia Malaba na Tororo, hatimaye ikafika Kampala mwaka 1931. Mambo haya matatu, yaani jukwaa, lugha na reli, hayakupangwa na mtu mmoja wala ofisi moja. Hata hivyo, ukitaka kuuelewa muziki wa Busia na Tororo katika karne iliyopita, huwezi kuliacha hata moja.

Jambo la nne ni mpaka, nao ulitangulia yote. Wengi husahau kwamba hadi mwaka 1902 Busia yote, Kisumu na nchi yote hadi kwenye Bonde la Ufa ilikuwa Uganda. Mnamo Aprili mwaka huo Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika milki ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Ilikuwa kazi ya kalamu; sababu kubwa ilikuwa kuiweka reli chini ya utawala mmoja. Mstari mpya ukafuata Mto Sio karibu na ziwa, ukapanda kuelekea Malaba, kisha Mlima Elgon. Wasamia wakawa pande mbili za Sio. Iteso wakawa pande mbili za Malaba. Agizo rasmi la mipaka likatolewa London mwaka 1926, yaani mwaka mmoja tu kabla ya tamasha kuanza. Kwa hiyo walipoanza kupewa nafasi ya kuimba "kwa niaba ya Kenya", watu wa Busia walikuwa wamekuwa Wakenya kwa muda mfupi kuliko umri wa wazee wao.

Idadi ya walioachwa upande huu si ndogo. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu Iteso zaidi ya laki nne. Walio Uganda ni wengi mara kadhaa zaidi, lakini wengi wao wanaishi kaskazini, Soroti, Kumi na kwingineko. Wale wa Tororo wametengwa nao na ardhi ya jamii nyingine. Ndiyo maana Iteso wa Tororo na wale wa Busia ya Kenya, japo ni raia wa nchi mbili, wanafanana zaidi kwa matamshi na kwa desturi kuliko kila kundi linavyofanana na ndugu zao wa Soroti. Mwanaanthropolojia Ivan Karp, aliyechapisha kitabu chake juu ya Iteso wa Kenya mwaka 1978, alionyesha vizuri jinsi unywaji wa pombe ya pamoja, kila mtu na mrija wake katika chungu kimoja, ulivyokuwa ndio baraza la jamii hii. Na penye chungu hapakosi wimbo. Chungu hakiulizi kitambulisho.

Sasa turejee jukwaani. Waafrika waliingia katika tamasha baadaye, na walipoingia waliimba walichofundishwa: tenzi za kanisa na nyimbo za Kiingereza za sauti nne. Ngoma ilikuwa bado ni kitu cha shaka mbele ya wamisheni wengi. Mabadiliko yalianza kuonekana katika miaka ya 1950. Hapa hatuna budi kumtaja Graham Hyslop, afisa wa muziki na drama wa serikali ya kikoloni. Wasomaji wetu wa fasihi wanamjua kwa upande mwingine, kama mwandishi wa tamthilia za Kiswahili Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu, zilizochapishwa mwaka 1957. Mtu huyohuyo ndiye aliyezihimiza kwaya za Waafrika kujenga uimbaji wao juu ya nyimbo za kienyeji badala ya kuziiga za Ulaya, na mwaka 1975 akachapisha kitabu juu ya ala za muziki za Kenya. Mtu anaweza kuuliza, na ni haki yake, kwa nini ilipasa Mwingereza awafundishe watu kuimba nyimbo za mama zao. Jibu letu ni kwamba hakuwafundisha kuimba. Aliwafungulia mlango wa ukumbi. Nyimbo zilikuwepo.

Mwaka 1963 Hyslop alikuwa mmoja wa jopo la watu watano lililotayarisha wimbo wa taifa wa Kenya kutokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Wengine walikuwa Thomas Kalume, Peter Kibukosya, Washington Omondi na George Senoga-Zake. Huyu wa mwisho ndiye anayetuhusu zaidi. Senoga-Zake alikuwa mzaliwa wa Uganda. Yaani katika jopo lililoipa Kenya wimbo wake mkuu, unaoimbwa kwa Kiswahili kila asubuhi ya gwaride la shule, alikuwemo Mganda. Tena ndiye aliyekuja kuandika kitabu cha muziki wa kienyeji wa Kenya, kilichotoka mwaka 1986, ambacho walimu wengi wa muziki wamekitegemea tangu wakati huo. Tunapenda kulikumbusha jambo hili kila tunaposikia mtu akidai kwamba muziki wa taifa fulani hauna budi kulindwa dhidi ya jirani.

Baada ya uhuru tamasha liliwekwa chini ya Wizara ya Elimu, nalo likawa mali ya shule. Utaratibu wake unajulikana kwa kila aliyesoma Kenya: shule hushindana katika eneo lao, washindi hupanda ngazi hadi wilaya (siku hizi kaunti), kisha mkoa, kisha taifa, na walio bora kabisa hutumbuiza mbele ya Rais. Kuna kwaya, kuna ala, kuna kukariri mashairi ya Kiswahili na ya Kiingereza, kuna nyimbo za asili na ngoma. Kila wimbo una dakika zake na ukizidisha unakatwa alama. Mwaka 1982 serikali ya Kenya iliunda tume ya muziki chini ya Washington Omondi, iliyotoa ripoti yake mwaka 1984, na mwaka 1988 ikaundwa Tume ya Kudumu ya Muziki ya Rais. Ng'ambo, Uganda nayo ilijenga tamasha lake la shule la muziki, ngoma na maigizo, lenye ngazi zinazofanana sana na hizi. Mtoto wa Tororo na mtoto wa Busia ya Kenya wanakwenda mazoezi ya jioni saa zilezile, wanafundishwa ngoma ileile, lakini mmoja anapanda ngazi zinazoelekea Kampala na mwingine zinazoelekea Nairobi. Hawakutani jukwaani.

Zipo nyakati ambapo kutokutana huko kulikuwa afadhali. Mnamo Februari 1976 Idi Amin alidai kuwa sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa mali ya Uganda, akiitumia ramani ileile ya kabla ya 1902. Watu wa Busia walijikuta kwa siku kadhaa wakijadiliwa kama shamba la urithi. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1967 ikavunjika. Miaka hiyo ya sabini ndiyo pia miaka ya magendo ya kahawa, na miaka ya walimu wa Uganda waliovuka kukimbia utawala wa Amin wakaajiriwa katika shule za Kenya. Katika shule za magharibi mwa Kenya bado utawasikia wazee wakimkumbuka mwalimu Mganda wa hesabu, wa Kiingereza, au wa kwaya. Kisha Desemba 1987 askari wa nchi hizi mbili walirushiana risasi palepale Busia, watu wakafa, na mpaka ukafungwa kwa muda. Watu waliokuwa wamezoea kuvuka kwenda matangani walilazimika kuomboleza kwa mbali. Kwa jamii ambazo huimba mazishi yao, hilo si jambo dogo.

Hapa inafaa tuseme neno juu ya Kiswahili chenyewe, maana jarida hili ni la Kiswahili. Pendekezo la Gowers lilikufa katika maofisi, lakini Busia na Tororo halikusubiri ofisi. Upande wa Bukedi, Luganda ndiyo iliyokuwa lugha ya utawala na ya kanisa, kuanzia enzi za Semei Kakungulu na mawakala wake. Kiswahili kilikuja kwa njia nyingine: kwa polisi na jeshi, kwa vibarua wa reli, kwa wauza samaki na wanunuzi wa mahindi. Mtu wa Tororo angesali kwa Luganda, angelia kwa Dhopadhola, na angepatana bei kwa Kiswahili. Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, jambo ambalo halikukisaidia sana kwa sababu lilikiunganisha na askari wake. Marekebisho ya katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kifundishwe shuleni. Kwa muuza nyanya wa soko la Busia, habari zote hizo zilifika zikiwa zimechelewa.

Wala mpaka haukupokea tu maneno, uliyatoa pia. Neno boda boda, ambalo sasa limeenea Afrika Mashariki nzima na limeingia katika kamusi, linasimuliwa kuwa lilizaliwa hapahapa Busia na Malaba, pale vijana wa baiskeli walipowabeba abiria na mizigo katika kipande cha ardhi kilicho kati ya kizuizi cha nchi moja na cha nyingine. Waliliita jina la Kiingereza la mpaka kwa ulimi wa Kiswahili na kulirudia mara mbili ili abiria wasikie. Mwanaisimu atakwambia ni utohozi na uradidi. Kijana wa baiskeli angekwambia ni kelele ya kutafuta mkate.

Tukiwa bado kwenye maneno, liko moja linalotufurahisha kila tunapolifundisha. Wajopadhola wa Tororo wana ngoma ndefu iliyowambwa ngozi ya kenge, ambayo hupigwa hasa katika mazishi ya watu wazima. Jina lake ni fumbo. Mwanafunzi wa Kiswahili akilisikia mara ya kwanza hudhani ameelezwa kitendawili. Hapana uhusiano wowote wa nasaba kati ya maneno haya mawili kwa kadiri tunavyoona. Dhopadhola ni lugha ya Kijaluo na neno ni lake. Lakini sadfa hiyo ina faida darasani, kwani mwanafunzi hasahau tena, na humlazimu auliza swali la pili: ngoma hii inasema nini?

Swali hilo ndilo gumu. Fumbo likipigwa usiku kijijini Mulanda au Nagongera, linasema kwamba mtu fulani amefariki, na watu huja. Linapigwa hadi kuche. Wanaocheza si kikundi. Ni wakwe, ni wajukuu, ni majirani wenye deni la kuja kwa kuwa marehemu alikuja kwao. Likipigwa jukwaani, kwa dakika chache zilizopangwa, na wasichana waliovaa sare za katani wakiingia kwa mistari miwili, halisemi kwamba yeyote amefariki. Linasema shule fulani imefanya mazoezi. Kuna wanaolalamika kwamba huko ni kuiua ngoma, na wapo baadhi yetu katika idara hii wenye msimamo huo. Sisi tulioandika makala haya hatuukubali kikamilifu. Jukwaa limezihifadhi mbinu za vidole, miondoko na ala ambazo vijana wengi wasingeziona tena. Mtoto anayejifunza kupiga tongoli kwa ajili ya kikombe, amejifunza tongoli. Kinachopotea ni kile ambacho hakiwezi kupewa alama: sababu ya kupiga.

Kuna upotevu mwingine wa kimyakimya. Kanuni za tamasha zinataka ngoma iwe "ya asili" ya jamii fulani, nayo mwamuzi hutafuta usafi. Je, asili ni nini hapa mpakani? Tuchukue akogo, ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, ambayo leo ndiyo nembo ya muziki wa Iteso wa Uganda. Wataalamu wa ala wanaeleza kwamba ala za jinsi hii zilienea Uganda mwanzoni mwa karne ya 20 kutoka upande wa Kongo, zikibebwa na wapagazi na vibarua. Yaani kinachohukumiwa kama asili ni kitu ambacho babu za watu walikipokea kwa mgeni, wakakipenda, wakakifanya chao. Adeudeu, kinubi cha upinde cha Iteso, kina umri mkubwa zaidi, lakini hata chenyewe kina ndugu zake kaskazini na magharibi ya Uganda. Litungu la Wabukusu halijui Mto Lwakhakha ni wa nani. Linapigwa Kimilili na linapigwa Mbale. Na vipi kuhusu gitaa? Vijana wa magharibi ya Kenya waliosikiliza sahani za santuri kutoka Kongo katika miaka ya hamsini waliligeuza gitaa kavu kuwa mtindo wa omutibo. George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, aliimba kwa Kiluhya na kwa Kiswahili, na chupa iligongwa kwa msumari kuweka mapigo. Zaidi ya miaka sitini imepita. Ikiwa akogo imekuwa asili, basi lini chupa ya Mukabi itakuwa asili? Hatusemi hivi kwa kejeli. Ni swali ambalo waandalizi wa sherehe za miaka mia watapaswa kulijibu, kwani watalazimika kuchagua nini kiingie katika maonyesho yao na nini kibaki nje.

Upande wa Uganda swali la asili limechukua sura ya siasa, na ni vyema tulitaje bila kuliongezea petroli. Uganda ilifuta tawala za jadi mwaka 1967, ikazirudisha mwaka 1993, na katiba ya mwaka 1995 ikatambua viongozi wa kitamaduni. Mwishoni mwa miaka ya tisini Wajopadhola waliunda taasisi yao ya Tieng Adhola chini ya Kwar Adhola, na mwaka 2000 Iteso walimtawaza Augustine Osuban kuwa Emorimor, cheo alichoshika hadi alipofariki mwaka 2022. Busia ya Uganda ilikatwa kutoka Tororo na kuwa wilaya mwaka 1997. Tororo iliyobaki imekuwa na mvutano wa muda mrefu kati ya Iteso na Wajopadhola juu ya kugawanywa tena kwa wilaya, hasa juu ya nani abaki na mji. Katika hali hiyo, kusema "ngoma hii ni yetu" hakumaanishi ngoma peke yake. Mwalimu wa shule ya mjini Tororo mwenye wanafunzi wa jamii zote mbili, na Wasamia na Bagisu juu yao, hufanya uamuzi wa kisiasa kila anapochagua wimbo wa tamasha, apende asipende. Wengi hutatua kwa kuwafundisha watoto wote zote. Tunawavulia kofia.

Hapo ndipo tunapouona upande mzuri wa tamasha, ambao wakosoaji wake husahau. Nchini Kenya si ajabu kuikuta shule ya mkoa mwingine kabisa ikiimba wimbo wa Iteso au wa Wasamia. Matamshi hupotoka, kweli, na mzee wa Amukura angecheka. Lakini hebu fikiria mtoto wa Machakos anayekesha akikariri maneno ya Ateso ili kundi lisianguke. Hakuna somo lingine katika mtaala linalomfanya hivyo.

Je, karne hii ya nyimbo imehifadhiwa wapi? Klaus Wachsmann, mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda kuanzia 1948 hadi 1957, alizunguka nchi akirekodi nyimbo kati ya 1949 na 1954. Hugh Tracey alipita Kenya na Uganda mwaka 1950 na 1952. Kanda za Wachsmann zilikaa London kwa miongo mingi kabla ya nakala kuletwa Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2009. Za Tracey zipo katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954 nchini Afrika Kusini, na baadhi zimerudishwa Kenya katika miaka ya 2010. Ni hazina, lakini ni hazina ya wageni waliochagua walichochagua. Tamasha limekuwa likipita kila mwaka. Kila kikundi kinachoimba kwa lugha ya mama hutakiwa kuwapa waamuzi maneno ya wimbo pamoja na tafsiri na maelezo ya mahali wimbo unapotumika. Zidisha jambo hilo kwa shule zote na kwa miaka yote. Pengine hakuna mkusanyiko mkubwa zaidi wa fasihi simulizi ya Kenya uliowahi kuandikwa kwa mikono ya watu wenyewe, na uliandikwa ili usomwe kwa dakika tano na mwamuzi mmoja. Karatasi hizo ni rahisi kupotea: zinakaa katika kabati za walimu wa muziki, katika faili za shule, katika masanduku ya wastaafu, na mchwa wa Busia hawana adabu.

Tunayasema haya pia kwa sababu ya yale yaliyotokea juzi. Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, tamasha la kawaida halikufanyika mwaka huo. Kenya ilifungua shule zote Januari 2021. Uganda ilibaki imefunga, kwa ngazi nyingi, hadi Januari 2022, muda mrefu kuliko karibu nchi yoyote duniani. Kwa mtoto wa Tororo hiyo ilikuwa karibu miaka miwili bila mazoezi, bila mwalimu wa ngoma, huku binamu yake wa Malaba akiwa amekwisha kurudi darasani. Kundi la shule hujengwa na wanafunzi wa darasa la juu wanaowafundisha wa chini. Ukiondoa miaka miwili, mnyororo unakatika, na aliyekuwa akijua ubeti wa tatu amekwisha kuolewa au kuhamia Kampala.

Upande wa serikali mpaka umelegea. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini mwaka 1999 na kuanza kutumika mwaka 2000. Soko la pamoja likafuata mwaka 2010, na mwaka huohuo Jumuiya ikapata wimbo wake wa Kiswahili. Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walikizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambapo msafiri hukaguliwa mahali pamoja badala ya pawili. Jumuiya nayo ina tamasha lake la sanaa, JAMAFEST, lililoanzia Kigali mwaka 2013 na kuzunguka Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Bujumbura. Ni jambo jema. Lakini huko nako kila nchi huja na ujumbe wake na bendera yake, na ngoma ya Iteso huweza kuingia uwanjani mara mbili kwa milango miwili. Lori la saruji kutoka Tororo sasa linapita Busia au Malaba likikaguliwa mara moja. Wimbo bado unakaguliwa mara mbili.

Tungependa basi sherehe za mwaka 2027 ziwe na kipengele kimoja, hata kama ni cha siku moja, ambapo shule za pande zote mbili zitaimba wimbo mmoja pamoja, Busia, bila vikombe. Hilo ni la wakubwa kuamua. Lililo katika uwezo wetu ni dogo zaidi, nalo tunawaomba wasomaji walimu, hasa wahitimu wetu walioko Busia, Teso, Samia, Tororo na Masafu. Mlio na karatasi za nyimbo za tamasha, za miaka yoyote, msizichome na msiwape wauza karanga. Zinakilini, kwa mkono ikibidi, maneno ya lugha ya mama upande mmoja na Kiswahili upande mwingine, na msisahihishe lugha ya wimbo hata kama mnadhani imekosewa. Wanafunzi wa isimu na wa fasihi simulizi katika idara wana kazi ya miaka mingi hapo. Andikeni mwaka, shule, na mahali wimbo ulipopigwa kabla ya kufika shuleni: matangani, harusini, shambani au kilabuni. Andikeni pia jina la kijiji ulikotoka, na upande wa mpaka, au pande zote mbili kama ndivyo ilivyo.